Friza tatu za Chaani: stima hutoka wapi, na hupotelea wapi

Shangazi yangu huuza kamba, ngisi na pweza. Mzigo huja kutoka Kipini na Ngomeni, hushushwa alfajiri ukiwa ndani ya masanduku ya barafu, na kabla jua halijachoma huwa umeshaoshwa, umepimwa na kuingizwa kwenye friza tatu ndefu, zile za kufunguliwa juu. Friza ziko chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, Chaani, upande wa Changamwe. Ukikaa barazani kwake wayaona mabomba ya moshi ya Kipevu, mitambo ya umeme ya kuchoma mafuta, yamesimama kama minara. Wanunuzi wake ni hoteli mbili za Nyali na mama karanga kadhaa wa Magongo, wale wakaangaji wa samaki, na wote wana sharti moja: kamba akianza kuwa mweusi kichwani, mzigo unarudi.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi. Naandika kisa hiki kwa sababu kilinichukua mwaka mzima, na kwa sababu jibu nililompa mwanzo lilikuwa si sahihi.

Kilianza Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, saa nne kasorobo usiku, nchi ilipozimika. Haikuwa Mombasa peke yake. Hata uwanja wa ndege wa Nairobi uliingia gizani. Wasimamizi wa gridi, yaani mtandao wa nyaya za nchi nzima, walisema chanzo ni kupotea ghafla kwa umeme wa upepo wa Loiyangalani, kule Ziwa Turkana. Wenye mitambo ya upepo wakajibu kwamba wao ndio waliotolewa nje, na volti iliyopanda kupita kiasi kwenye gridi. Mabishano hayo yalijaa magazetini. Shangazi hakuwa na haja nayo. Alinipigia simu usiku ule ule.

"Mwanangu, Kipevu iko hapa, ukipiga mbinja watakusikia. Mbona Turkana kukiharibika sisi huku twalala kizani?"

Bahati yake friza zilikuwa zimejaa na hakuna aliyezifungua, kwa hiyo hasara ya usiku ule ilikuwa ndogo. Lakini alikuwa ameshakata shauri: zamu yake kwenye chama cha kuchangiana ilikuwa inafika, na pesa zile zingenunua jenereta. Nilimwomba jambo moja kwanza. Anunue daftari la shule, alitundike karibu na friza, na kila stima ikipotea aandike tarehe, saa iliyopotea, saa iliyorudi, na kama majirani wa ng'ambo ya barabara wana taa. Alinicheka. Kisha akalinunua.

Swali lake la Kipevu

Daftari likiwa linajaa, nilikuwa na deni la kumjibu. Na swali lile si la kijinga hata kidogo. Kuna wakati Mombasa ilijiwashia yenyewe. Mashine ya kwanza ya umeme ukanda huu ilinunuliwa na Seyyid Barghash wa Zanzibar mwaka 1875, kuwasha jumba lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua mashine hiyo na kuikabidhi kampuni ya umeme ya Mombasa. Nairobi nayo ilikuwa na yake. Mwaka 1922 kampuni hizo mbili zikaunganishwa kikampuni, lakini kila mji bado ulikuwa ukichoma mafuta yake. Mombasa ilikuwa kisiwa mara mbili: kisiwa cha maji na kisiwa cha umeme.

Kisiwa cha aina ile ni ghali. Kila mji lazima uwe na mashine ya ziada imekaa bure ikisubiri ya kwanza iharibike. Ndiyo maana nyaya zilivutwa, na leo kutoka Rabai na Mariakani nyuma ya Mombasa zinapanda bara laini kubwa tatu. Kuna ile kongwe ya volti 132,000 inayofuata upande wa reli. Kuna ya volti 220,000 inayotoka bwawa la Kiambere. Na kuna ile ya Nairobi iliyokamilika 2017, yenye urefu wa kilomita 482, iliyojengwa kuhimili volti 400,000. Kwa njia hizo umeme wa mvuke wa ardhini wa Naivasha hufika Likoni, na mafuta ya Kipevu huweza kufika Kisumu.

Lakini ukishafunga majahazi pamoja, moja likipinduka huvuta mengine. Umeme wa mitambo yote ya gridi huenda kwa mwendo mmoja, mizunguko 50 kwa sekunde. Umeme mwingi ukitoweka ghafla, mashine zilizobaki huelemewa, mwendo hushuka, na kila mtambo una kinga yake inayousimamisha kabla haujavunjika. Kipevu ikiona mwendo umeshuka hujitoa, kama mpagazi anayetupa gunia kabla mgongo haujakatika. Kinyume chake pia hutokea: mzigo ukikatika ghafla, volti hupanda, na mitambo hujitoa kwa sababu hiyo.

Baada ya hapo, kuiwasha Mombasa peke yake si kugeuza swichi. Mashine za dizeli zinaweza kuanza haraka kuliko za mvuke, lakini lazima zipewe mzigo kidogo kidogo, mtaa baada ya mtaa, huku mwendo ukilindwa. Ukifungua Changamwe yote kwa mkupuo mmoja, kila friji na kila pampu inataka kuanza dakika ile ile, na mtambo unazimika tena. Na mtaa mmoja ukiwa umewashwa kwa mwendo wake, haufungwi tena na gridi ya taifa mpaka mienendo yote miwili ilingane sawasawa.

Shangazi alisikiliza, akasema, "Basi hiyo Kipevu kazi yake nini, mapambo?"

Kazi yake ni mbili. Mafuta mazito hushushwa na meli papo hapo, kwa hiyo kuyachoma bandarini ni rahisi kuliko kuyapandisha bara. Na Mombasa iko mwisho wa nyaya. Umeme unaosafiri mbali huchoka. Jioni watu wakiwasha kila kitu, volti ya pwani hushuka, na mitambo iliyo karibu huiinua. Kipevu ya tatu, ya megawati 120, iliwashwa 2011. Rabai kuna mtambo wa megawati 90, wa takriban wakati ule ule. Na si kila bomba alionalo barazani bado linafuka: mtambo wa megawati 74 uliokuwa Kipevu tangu 2001 ulizimwa 2021, mkataba wake wa miaka 20 ulipokwisha.

Kamba na stima ni watoto wa mto mmoja

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo niliposhangaa mwenyewe.

Kamba wa shangazi wanatoka Ghuba ya Ungwana. Ghuba ile imelishwa na Mto Tana, unaoingia baharini Kipini, pamoja na Sabaki upande wa kusini. Tope la mto na maji yake matamu ndiyo yanayokuza kamba, na kila mvuvi wa Ngomeni anajua kwamba maji yakigeuka rangi mzigo unabadilika. Mto huo huo, kabla haujafika Garissa, ndio unaozungusha mitambo mikubwa ya maji ya Kenya. Yaani friza zile tatu zinahifadhi kiumbe aliyekuzwa na Tana kwa baridi iliyotengenezwa, kwa sehemu, na Tana.

Mvua huangukia Nyandarua na Mlima Kenya. Maji hushuka kusini na mashariki, na pale mto unapoporomoka kutoka nyanda za juu kwenda nyika, mabwawa matano yamepangwa kama ngazi. Kindaruma ni la kwanza kwa umri, 1968. Likafuata Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Kwa mpangilio wa mto Masinga ndilo la juu kabisa. Mtambo wake ni mdogo, megawati 40 tu, lakini ndilo tangi: hubeba mita za ujazo zaidi ya bilioni moja na nusu na kuyaachia ya chini kwa kipimo. Gitaru, kwa megawati 225, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Tone moja la maji linapita mitambo mitano kabla ya kuruhusiwa kwenda Garissa. Yote pamoja yana megawati zipatazo 600. Nje ya Tana, maji yaliyobaki ya kutajwa ni Turkwel, megawati 106, na Sondu Miriu na Sang'oro upande wa Ziwa Victoria.

Kupanga mitambo mitano kwenye mto mmoja kuna utamu wake na uchungu wake. Mvua ikikosekana mlima mmoja, ngazi yote inakauka. Mwaka 2000 nchi iligawiwa umeme kwa zamu, na wenye maduka ya barafu Mombasa wa wakati ule bado wanausimulia. Mwaka 2009 Masinga ilizimwa kwa kukosa maji. Na kitu kidogo kikiingia mahali pabaya, kinatikisa nchi: tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, na zaidi ya megawati 180 zikapotea papo hapo. Nchi ilikaa gizani zaidi ya saa tatu. Tumbili mwenyewe alipona. Shangazi nilipomsimulia alidhani namtania.

Kuna jambo jingine nisilolipenda kwenye ramani hii. Mto unateremka kuja pwani, lakini umeme wake ulipita juu ya vichwa vya watu wa bonde lake la chini. Hola iko ukingoni mwa Tana kabisa, na kwa miaka mingi iliwashwa na jenereta ya dizeli. Lamu vivyo hivyo, mpaka laini ya Rabai, Malindi, Garsen na Lamu ilipokamilika katikati ya muongo wa 2010. Waliopokea mafuriko na ukame wa mto hawakuwa waliopokea stima yake.

Aprili na Mei 2024 mambo yalikuwa kinyume cha 2009. Mvua ilinyesha mpaka Masinga likafurika, na Tana ya chini, kuanzia Garissa mpaka Garsen, ikawa bahari. Shangazi alinipigia akiwa na furaha na hasira kwa pamoja. "Mabwawa yamejaa mpaka yanamwagika, nami nimenunua tokeni ya elfu mbili, uniti ni zile zile. Nani anakula hayo maji?"

Hakuna anayeyala. Mtambo una mdomo wa ukubwa wake. Maji yakishazidi uwezo wa mitambo, yanayobaki hupita juu ya mlango wa kumwagia bila kugusa pangaboi, na hayatoi hata wati moja. Bwawa lililojaa ni bora kuliko tupu. Bwawa linalofurika si bora kuliko lililojaa. Na pia maji si mfalme tena.

Bonde la Ufa na kaskazini, kwa ufupi

Mfalme sasa ni mvuke. Olkaria, karibu na Naivasha, ilianza 1981 na mtambo wa megawati 15. Leo jotoardhi lina zaidi ya megawati 900 na hutoa zaidi ya asilimia 40 ya umeme unaotumika nchini, ilhali maji yote yameshuka mpaka robo hivi, mwaka mwingine chini ya hapo. Mvuke haujui kaskazi wala kusi, masika wala kiangazi. Unachemka usiku na mchana, na ndiyo maana ukame wa siku hizi haukati stima kama wa 2000.

Upepo ni habari nyingine. Loiyangalani kuna mitambo 365, megawati 310, kwenye mlango wa upepo unaovuma kati ya nyanda za Ethiopia na za Kenya. Umeme wake hutembea zaidi ya kilomita 400 mpaka kituo cha nyaya cha Suswa, magharibi ya Nairobi, ndipo ugeuke kuja huku. Ukijumlisha safari yote mpaka Rabai ni kama kilomita elfu moja za nyaya. Garissa kuna jua, megawati 50. Kutoka Ethiopia, tangu mwishoni mwa 2022, kuna laini ya kilomita 1,045, iliyoanza kwa kuleta megawati 200 zilizonunuliwa kwa mkataba. Hayo yote hukusanyika Suswa na Nairobi. Pwani tuna bandari, mafuta na jua tusilolitumia. Tulikaribia kuwa na makaa ya mawe pia, Lamu, megawati 1,050, mpaka mahakama ya mazingira ilipofuta leseni yake Juni 2019.

Risiti ya tokeni

Nilimwomba shangazi aombe mchanganuo kamili wa malipo yake, si ule ujumbe mfupi wa simu. Ukiusoma kwa utaratibu ni ramani ya nchi. Kuna malipo ya mafuta: hiyo ni Kipevu, Rabai na wenzao, na hupanda mitambo ya mafuta ikifanya kazi zaidi. Kuna malipo ya fedha za kigeni: mikopo iliyochimba visima vya mvuke na mikataba ya wazalishaji binafsi iko kwa dola na yuro. Kuna senti chache za mamlaka ya maji: hizo ni za mto. Kuna asilimia 5 ya kupeleka umeme vijijini, na asilimia 16 ya kodi ya ongezeko la thamani.

Sasa tazama kisa cha mvua ya 2024 kwa jicho hilo. Malipo ya mafuta huhesabiwa kwa mwezi uliopita, kwa hiyo mvua ya leo huonekana kwenye tokeni baadaye. Jioni, watu wakiwasha taa na majiko, mitambo ya mafuta huitwa hata kama Masinga limejaa. Kilichoshusha bei kwa kuonekana mwaka ule kilikuwa shilingi: Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160, na kufika katikati ya mwaka ilikuwa karibu 130. Nilipomwambia hivyo Shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema yeye hajawahi kuuza kamba kwa dola, mbona ananunua stima kwa dola. Sikuwa na jibu zuri, na sina mpaka leo.

Daftari

Agosti 2024 tulikaa barazani na daftari. Lilikuwa na mistari 43, mingine imeandikwa kwa kalamu ya nyusi. Niliigawa kwa swali moja: majirani walikuwa na taa?

Zile za nchi nzima hazikufika tano. Tarehe 11 Novemba na 10 Desemba 2023 zimo, tena ile ya Desemba imepigiwa mstari mara mbili kwa sababu kulikuwa na harusi mtaani. Kumi na moja zilikuwa za Changamwe yote au sehemu kubwa yake. Zilizobaki, zaidi ya nusu, zilikuwa za njia yao tu: waya umekatika, fyuzi ya mlingoti imelipuka, tawi la mwembe limelalia nyaya, transfoma imeelemewa. Usiku wa joto la kaskazi, kila nyumba inapowasha feni, ndipo transfoma yao hufa.

Na hasara kubwa kuliko zote haikutoka Turkana wala Gitaru. Ilikuwa mwishoni mwa Januari, transfoma ya mtaa, saa 31. Kilo 46 za kamba zilirudishwa zikiwa na vichwa vyeusi. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: kwa gridi ya nchi ambayo kilele chake kimeshavuka megawati 2,300, transfoma ile haionekani hata kwenye hesabu. Kwa shangazi ilikuwa karo ya muhula.

Hasara ya pili kwa ukubwa haikuwa ya giza kabisa. Ilikuwa ya stima kurudi. Ilirudi, ikapotea, ikarudi tena ndani ya dakika mbili, na kompresa ya friza ya kati ikaungua. Kompresa iliyozimika inahitaji dakika kadhaa ili gesi itulie. Ukiilazimisha kuanza kabla, inanguruma bila kuzunguka mpaka koili zinaiva. Nilipima volti yake wiki ile: alfajiri 241, saa mbili usiku 204. Nilikuwa tayari kulaumu umbali wa Rabai. Nikapima kwa jirani aliye karibu na transfoma, saa ile ile, nikapata 226. Kwa hiyo sehemu kubwa ya upungufu ilikuwa kwenye waya mwembamba wa mita mia mbili, si kwenye kilomita elfu moja.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mwaka mzima nilikuwa nimemweleza mabwawa na upepo kana kwamba ndiyo yanayomharibia kamba. Umbali ule unaeleza bei anayolipa. Giza lake, mara nyingi, linaanzia kwenye mlingoti ambao angeweza kuufikia kwa miguu na kanga ya nyumbani.

Tulichofanya

Jenereta niliipinga kwa hesabu. Friza zake tatu hula kama uniti (kilowati-saa) saba kwa siku. Jenereta ndogo ya petroli, ikiwa na mzigo mwepesi, hutoa uniti mbili hivi kwa lita. Novemba 2023 lita ya petroli Mombasa ilivuka shilingi 210. Yaani uniti ya jenereta ingemgharimu zaidi ya shilingi mia, wakati ya mita, ukigawa pesa yote kwa uniti, ilikuwa kati ya 25 na 30. Kwa giza la saa mbili tatu, ambalo ndilo lililojaa daftarini, friza iliyofungwa haihitaji jenereta. Inahitaji tu isifunguliwe. Jenereta inamfaa kwa zile saa 31, na hizo zilitokea mara moja.

Betri kubwa za lithiamu nilizipinga pia, kwa bei.

Nikamwambia ajaze chupa za maji kwenye nafasi zote zilizobaki. Hapo nako nilikosea. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye sifuri, na kamba aliyegandishwa huanza kulegea kabla ya hapo, kwenye nyuzi moja au mbili chini ya sifuri. Kwa hiyo chupa zilikuwa bado ngumu ilhali kamba wameshaanza kutoa maji. Shangazi, kwa akili yake, akauliza kwa nini asichote maji ya bahari ya bure. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi mbili chini ya sifuri, karibu sawa na kamba mwenyewe, kwa hiyo hayasaidii. Tukafanya kilo moja ya chumvi kwa lita kumi za maji. Hayo hubaki na barafu ndani yake mpaka nyuzi sita hivi chini ya sifuri, na yanapoyeyuka pole pole ndiyo yanayokunywa joto badala ya kamba. Friza yake huvuja joto kama wati 60. Kilo 20 za chupa hizo kwa kila friza zinatosha takriban siku nzima. Kuzigandisha mara ya kwanza kulikula uniti mbili hivi kwa friza. Onyo moja: usijaze chupa mpaka shingoni. Mbili zilipasuka, na maji ya chumvi yakaanza kula bati la ndani kabla hatujagundua.

Kila friza ikapata kifaa chake cha kulinda volti, kinachokata ikishuka chini ya 200 na kusubiri dakika tano kabla ya kurudisha. Bei ya vifaa vitatu ilikuwa ndogo kuliko kompresa moja. Kama ningelazimika kuchagua kitu kimoja tu katika kisa hiki chote, ningechagua hicho.

Jua lilikuwa la mwisho. Paa la Mombasa hupata jua la zaidi ya uniti tano kwa mita mraba kila siku, na paneli mbili za wati 550 zingeweza kutoa karibu uniti nne na nusu. Hizo hazihitaji betri kubwa: mchana zinaendesha friza mbili na kugandisha chupa, usiku chupa ndizo betri. Fremu ziwe za alumini na bolti za chuma kisichoshika kutu, kwa sababu hewa ya Kilindini inakula bolti ya kawaida mwaka haujaisha. Tatizo si jua. Nyumba ni ya kupanga, na mwenye nyumba anataka kujua paneli zitakuwa za nani siku shangazi akihama. Tumemwandikia barua mara mbili.

Pesa ya chama ilinunua vifaa vya volti, chumvi, na friza ya nne. Nilimwambia ya nne itaongeza mzigo kwenye ule waya mwembamba. Akanionyesha daftari: amechora safu mpya pembeni, ameipa jina "wapi", na chini yake, mstari baada ya mstari, ameandika mlingoti, mlingoti, mwembe, nchi nzima, mlingoti. Amepeleka nakala yake kwenye ofisi ya kampuni ya umeme pamoja na saini za nyumba kumi na mbili, kuomba waya ubadilishwe. Fundi mmoja alikuja akapima, akaandika kwenye karatasi yake, akaondoka. Kwa sasa volti ya saa mbili usiku ni 206.